Hasi Ndiyo Njema

West Indies, Eldoret
Jumamosi, saa tisa alasiri

Mwanangu Wambui,

Usicheke kwanza. Ulitaka mwenyewe. Juzi tulipokuwa tukipanga nguo zako kwenye sanduku ulisema kwamba mama yako, yule Njeri wa kwanza, hakukuandikia barua siku ulipoondoka Ainabkoi kuja kuolewa hapa mjini, kwa sababu hakujua kuandika. Kisha ukanitazama ukasema, "Lakini wewe Maitu unajua kuandika, na mtoto wako anasafiri." Ulisema kwa mzaha ukaendelea kukunja leso. Mimi mzaha hunikaa siku tatu kabla sijaamua kama ni mzaha.

Najua dada Wanjiku ndiye atakayekusomea barua hii huko Nairobi, na wauguzi watakuwa wanapitapita wakisikiliza, kwa hivyo wasije wakadhani nimepotewa na akili. Mimi ni binti yako wa pili, nina miaka kumi na saba. Sisi Wakikuyu binti wa pili hupewa jina la mama mzazi wa mama yake, na ndiyo sababu tangu nikiwa mchanga umeniita Maitu, yaani mama yangu. Nilipokuwa darasa la pili mwalimu aliniuliza nyumbani kwetu kuna watoto wangapi, nikasema ni wawili, Wanjiku na Wambui. Mwalimu akaandika.

Sitakuandikia habari za dawa. Wanjiku ana orodha, na ameipigia mistari kwa rangi tatu. Vikombe vya maji unavyoruhusiwa unavijua kuliko sisi sote. Mama kwa kawaida hujua mambo mengi kuliko mtoto wake. Mimi ninachokijua zaidi yako ni makosa yangu tu, kwa hivyo hayo ndiyo nitakayokupa uende nayo.

La kwanza unalijua, ila hulijui lote.

Baba alipojitolea kukupa figo tulidhani kazi imeisha. Kundi lenu la damu ni moja. Alipimwa moyo, presha na mkojo, figo zake zikapigwa picha, na akarudi dukani akiwaambia wateja wa misumari kwamba ndani yake kuna mali safi. Kilichobaki kilikuwa kipimo kimoja, kile wanachokiita krosmachi. Huchukua chembe za damu ya mtoaji na maji ya damu ya mgonjwa, wakavichanganya kwenye kichombo, waone kama vitapatana. Nilikuwa nimesoma habari zake kwa simu ya Baba, nikafika nusu, bando ikaisha. Hiyo nusu ndiyo sikuwahi kumwambia mtu. Nilijua kipimo kinafanywaje. Sikuwa nimefika pale panapoeleza jibu linasomwaje.

Jibu lilikuja siku ya Alhamisi, siku ya ushirika wa akina mama. Sebule ilikuwa imejaa, wewe umelala kwenye kochi refu umefunikwa blanketi, miguu imevimba. Baba akatuma picha ya karatasi. Ukanipa simu nisome kwa sababu mimi ndiye wa vitabu. Ilikuwa ya Kiingereza, ndefu, na chini kabisa neno moja kwa herufi kubwa: POSITIVE.

Nikasoma kwa sauti. Wote wakaningoja niseme kama tushukuru au tulie. Ni Mama Akinyi peke yake aliyesema kitu, jirani yetu wa mlango wa pili, aliyetoka Kisumu miaka mingi iliyopita kuja kufundisha shule ya msingi hapa. Alisema polepole, "Njeri, positive ya hospitali si kitu ya kupigia makofi."

Kila mtu alijua anafikiria ugonjwa gani. Na mimi, ambaye hata darasani sinyooshi mkono, siku hiyo nikamjibu mtu mzima mbele ya watu. Nikamweleza kwamba hii ni positive nyingine, ya kupatana, kwa Kiswahili tunasema chanya, na chanya ni kukubali. Nilisema chanya mara mbili. Nilipenda jinsi walivyokuwa wakinitazama.

Yaliyofuata unayakumbuka. Nyimbo, machozi, mtu akapiga simu Ainabkoi, na kufika jioni mukimo ulikuwa umepondwa sufuria nzima. Hata wewe ulikula vijiko vitatu vya viazi ulivyokatazwa. Baba aliporudi kutoka dukani uso wake ulikuwa na shaka kidogo, lakini aliona umeamini akaamini. Na wewe uliamini kwa sababu yangu.

Jumatatu kliniki, daktari, yule mwanamke kijana mwenye miwani, aliona tunatabasamu akaiweka kalamu chini. Akauliza nani alitueleza karatasi ile. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chako. Wewe hukugeuka hata kidogo. Ulisema, "Tulisoma vibaya."

Tulisoma. Wewe hukuwa umesoma hata neno moja.

Akatueleza kwamba positive maana yake damu yako ilizishambulia chembe za Baba. Figo yake ikiwekwa ndani yako inaweza kuharibika hata kabla hujashonwa. Baba akasema, "Nimeishi na huyu mama miaka ishirini na mitatu. Leo ndiyo damu yake inanikataa?"

Ukamjibu, "Imechelewa."

Hata daktari alicheka. Kisha akaeleza jambo ambalo kwako lilikuwa maelezo tu, na kwangu lilikuwa kama kuitwa jina mbele ya darasa. Alisema mtoto aliye tumboni ni nusu ya baba yake. Damu yake huvuja kidogo ikaingia kwa mama, hasa wakati wa kuzaa, na mwili wa mama wakati mwingine huzikariri zile alama za baba, ukazitengenezea kingamwili. Hizo hukaa kwenye damu miaka na miaka bila kumsumbua mtu, mpaka siku atakapoletewa kiungo chenye alama zilezile. Alisema damu ya kuongezwa nayo hufundisha mwili hivyohivyo, kwa sababu ni damu ya watu wengine. Akauliza umezaa mara ngapi, na kama umewahi kuongezwa damu.

Ukasema umezaa mara mbili. Mara ya kwanza hukupata shida. Mara ya pili ulitokwa na damu nyingi ukaongezwa painti tatu.

Mara ya pili ni mimi.

Kosa langu la pili lilianzia hapo, nalo lilikuwa kunyamaza. Mwezi mzima nilikula jikoni nikisema nina mtihani. Ulipoita Maitu nilijifanya sijasikia. Ulidhani naona haya kwa sababu ya mukimo, maana Mama Akinyi alikuwa amenibandika jina la Profesa wa Damu na kila asubuhi alinisalimia hivyo getini. Hilo halikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba usiku wa kuamkia kila siku ya mashine ya kusafisha damu nilikusikia ukikohoa, nami najiambia kwamba nusu ya Baba iliyokufungia mlango ni mimi niliyeileta, pamoja na zile painti tatu.

Halafu Jumapili moja ulinikuta jikoni nachambua maharagwe. Ulivuta kiti, ukakaa kwa taabu, ukauliza umenikosea nini hata siku hizi ukiniita siitiki. Niliyaambia yale maharagwe, si wewe. Nilisema nisingezaliwa Baba angekupa figo.

Uliokota kijiwe kimoja ukakitupa.

"Njeri," ukasema, na jina langu hulitumia ukiwa huna mchezo, "nilikuwa nataka mtoto. Sikuwa nataka figo. Figo nilikuwa nazo, mbili."

Kisha ukaniambia nichambue vizuri, wiki iliyopita Baba yenu alitaka kuvunja jino.

Ilichukua dakika moja. Nilikuwa nimelibeba lile neno siku thelathini, na lilihitaji dakika moja na sinia ya maharagwe. Nakuomba ulikumbuke hili utakapokuwa kule, maana nawe una tabia yangu. Au mimi nina yako, sijui kwa majina yetu tunahesabu vipi. Ukiona kitu kinakukaa moyoni, mwambie Wanjiku siku hiyohiyo, hata kama itabidi uyaambie mashuka.

Mjomba Kariuki aliposikia habari za Baba kukataliwa alikasirika. Alikuja kutoka Ainabkoi na matope ya shamba kwenye gambuti, hakukaa, akauliza kwa nini ndugu yako wa tumbo moja anapata habari kama mtu wa mbali, au mlikuwa mnangoja muone jina lake kwenye matangazo ya vifo ndipo mkumbuke ana figo. Uliogopa kumwomba kwa sababu ana watoto wadogo na anaishi kwa nguvu za mikono yake. Yeye akasema ameshazungumza na mke wake, na kwamba mtu akichimba kiazi kimoja kando ya shina, shina halifi. Daktari baadaye alimwambia figo si kiazi, akamweleza hatari zake moja moja, na akamtaka arudi nyumbani afikirie tena wiki mbili. Alirudi baada ya wiki mbili na gunia la viazi la daktari, ambalo daktari alikataa, tukarudi nalo nyumbani.

Mjomba hana alama za Baba. Walichunguza damu yako wakaorodhesha kila alama inayoichukia, na orodha ilikuwa ndefu, lakini ndani yake hakukuwa na hata moja ya Mjomba. Krosmachi ya kwanza ikasema NEGATIVE. Safari hiyo sikumwambia mtu. Nilikuwa nimejifunza kuogopa kila neno la Kiingereza lililo peke yake chini ya karatasi.

Na daktari alisema tusifurahi bado. Kulikuwa na fomu, kamati ya kumhoji Mjomba, vipimo vingine, mavuno yake pia, na katika miezi hiyo yote damu yako ingeweza kujifunza uadui mpya. Kipimo kingerudiwa karibu na upasuaji. Alituomba kitu kimoja, kwamba damu ya kuongezwa tuiepuke kadiri inavyowezekana, ila kama maisha yako yako hatarini. Wewe ulikuwa unasinzia. Baba alikuwa akiandika, lakini kalamu yake ilikuwa imekauka. Nadhani ni mimi tu niliyeibeba sentensi hiyo nzima hadi nyumbani.

Sasa nifike kwenye siku ile tuliyofunga shule, ambayo wewe unaisimulia kama kichekesho. Mimi sijawahi kukueleza ilivyokuwa upande wangu.

Ulikuwa kwenye mashine. Damu yako ilikuwa imeshuka, midomo imekuwa na rangi ya karatasi, ukilala unaamka unalala. Wanjiku alikuwa ametoka kutafuta chai. Nilikuwa na kitabu changu. Akaja muuguzi mgeni, kijana mpole, amechoka, akisukuma kitoroli, na juu yake mfuko wa damu. Akasoma jina lako kwenye mkono, akalilinganisha na karatasi. Alikuwa akifanya kila kitu sawasawa.

Nilijiambia yeye amesomea, mimi nimesoma nusu ya ukurasa kwenye simu. Nilijiambia anaona midomo yako kama ninavyoiona. Na nilijiambia kwamba mara ya mwisho nilipofungua mdomo juu ya mambo ya damu, watu walipika mukimo. Alikuwa ameshautundika mfuko kwenye chuma. Kitabu kilianguka niliposimama, na hilo lilinisaidia, kwa sababu alinitazama na sikuwa na pa kujificha tena.

Nilimwambia samahani, sijui kama nakosea, lakini mgonjwa huyu anangoja kupandikizwa figo, na daktari wake alisema habari ya damu aulizwe kwanza. Je, ameulizwa?

Hakukasirika. Alinitazama tu, sare ya shule na soksi zangu, akauliza, "Wewe ni nani wake?"

Na kwa woga, Wambui, mbele ya wagonjwa watano na mashine zao, nikasema, "Mimi ni mama yake."

Mzee wa kitanda cha dirishani alianza kucheka hadi kengele ya mashine yake ikalia. Wewe ukafungua macho. Ukasema, "Ni kweli," ukayafunga tena.

Muuguzi naye alicheka, lakini alikwenda kupiga simu, na kwa hilo nitamshukuru siku zote. Daktari akasema kama hupumui kwa shida tungoje, upewe sindano za kukuza damu na madini ya chuma, upimwe tena baada ya siku mbili, na ikishuka zaidi basi uongezwe, hakuna njia. Mfuko ukarudishwa, nasi tukarudi nyumbani.

Wewe husimulia hadi hapo, watu wanacheka. Hujui zile siku mbili. Kila nilipopita mlangoni kwako nilisimama nione kama blanketi linapanda na kushuka. Nilijua kwamba ukizidiwa itakuwa ni kwa sababu kuna msichana aliyejiita mama yako akazuia damu. Nilitaka kumpigia muuguzi yule nimwambie arudi na mfuko wake. Damu yako ilipanda kidogo sana siku ya tatu, kidogo hata Baba hakuona ni habari. Mimi nilikwenda nyuma ya tangi la maji nikalia peke yangu mpaka Mama Akinyi akachungulia juu ya ua, akauliza Profesa analia nini. Nikamwambia damu imepanda. Akasema, "Basi lia vizuri," akaniacha.

Sikuhadithii haya ili unisifu. Nisingeuliza, labda daktari angeiona ile damu mwenyewe, labda isingekudhuru, hakuna ajuaye. Ninachojua ni kwamba mara ya kwanza nilijua nusu nikatangaza, na mara ya pili nilijua nusu nikauliza. Nusu ilikuwa ileile. Huko uendako watakuwepo watu wengi wenye makoti meupe, wema na wenye haraka. Wewe huwaonea haya kama mimi. Uliza. Ukishindwa, dondosha kitu wakutazame.

Jumatano tulipokwenda kuchukua jibu la mwisho tulikuwa sita kwenye kile chumba kidogo ukimhesabu daktari, na Mjomba alikataa kukaa. Karatasi ikawekwa mezani. Nyote mkanitazama mimi, hata Baba, na sijui kwa nini mliniamini tena. Neno lilikuwa NEGATIVE. Niliijua maana yake kama ninavyolijua jina langu, nikauliza hata hivyo.

"Daktari, hasi ndiyo nzuri?"

"Hasi ndiyo njema," akasema. "Hii sasa mnaweza kupigia makofi."

Hakuna aliyepiga. Baba alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mjomba aliomba maji. Wewe ulishika mkono wangu chini ya meza, ukaubana, na mkono wako ulikuwa baridi na mkavu, na nilihisi ndani yake kile kijibomba wanachopitishia damu kwenda kwenye mashine kikinguruma kama kawaida. Nilifikiri, kumbe hiki kitakuja kunyamaza siku moja.

Tangu siku hiyo nalala. Nilikuwa nimesahau kwamba watu hulala tu, wakaamka asubuhi. Jana mwalimu wa hesabu aliuliza swali juu ya namba hasi nikacheka peke yangu, na kwa mara ya kwanza tangu kidato cha kwanza nikatolewa nje ya darasa. Nilisimama kwenye varanda nikitazama mvua ikija kutoka upande wa Sugoi, na sikuona haya hata kidogo.

Bado ninaogopa. Daktari hakuficha kwamba mwili wako unaweza kuikataa figo ya Mjomba hata baada ya haya yote, na kwamba utameza vidonge kila siku ili kuutuliza. Lakini ni woga wa kawaida, wenye ukubwa wake. Ule mwingine umeondoka.

Mjomba ameingia sasa hivi, nasikia gambuti zake. Anauliza Maitu yuko wapi. Naye ni mwanangu kwa jina lilelile, kwa hivyo mkiondoka msigombane garini nani akae mbele.

Kuna jambo moja la mwisho, na naona haya kuliandika, lakini nimekuhimiza uulize na useme, basi nami niseme. Siku moja uliniambia kwamba katika ugonjwa huu wote hukutamani chakula wala safari. Ulitamani kwenda choo kama watu wengine. Miaka miwili sasa unaona matone tu. Nimesoma, safari hii ukurasa mzima, kwamba figo mpya ikikubali huanza kazi mara nyingi hapohapo, hata kabla mgonjwa hajaamka, na kwamba utakuwa umewekewa mpira wa mkojo na mfuko wake kando ya kitanda.

Kwa hivyo Wanjiku akinipigia simu, asiniambie unaendelea vizuri. Watu husema hivyo kwa kila mgonjwa. Asinisomee karatasi yoyote. Aniambie mfuko umefika alama gani. Akina mama wote wa West Indies huwagombeza watoto wao wakikojoa kitandani. Mimi nitakuwa nimesimama na simu uani kwa Mama Akinyi, nikiomba wangu akojoe.

Aliyekuzaa kwa jina tu,
Njeri